Pareto na Baridi ya Milima ya Wagusii

Msomaji, ukishika njia kutoka mji wa Kisii, ulio kadiri ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ukapanda kuelekea Keroka, au miinuko ya Kiabonyoru katika Nyamira, jioni utatamani blanketi la pili. Baridi hiyo imo katika historia ya Wagusii, maana ndiyo iliyoamua pareto ichanue wapi.

Ua hili jeupe lenye moyo wa manjano si mwenyeji. Asili yake ni Dalmatia, pwani inayotazamana na Italia. Liliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, likapandwa kwanza na walowezi. Japani ndiyo iliyotawala soko la dunia wakati huo. Vita vya Pili vilipofunga njia zake, Kenya ikashika nafasi, kwani majeshi yalihitaji dawa ya kuua mbu na chawa. Katika miaka ya 1950 wakulima wadogo wa Kisii nao wakaanza kulipanda, na baada ya uhuru wa 1963 wakulima wadogo ndio waliolibeba zao hilo nchini.

Lichume ua moja ulitazame. Ulidhani ni ua, kumbe ni mkusanyiko wa vijiua vingi. Vile vya manjano hufunguka safu kwa safu, kuanzia ukingoni kwenda katikati. Kila kimoja kina chavua na kifuko cha mbegu, lakini hakipokei chavua ya mmea wake mwenyewe. Sharti iletwe kutoka mmea mwingine, na waletaji ni wadudu. Hapo ndipo ilipo ajabu: sumu inayoua wadudu, zaidi ya sehemu 9 kati ya 10, imo katika vifuko vile vile vya mbegu! Mgeni anayetua juu kutafuta chavua huenda zake salama, kwa kuwa sumu imefungwa ndani.

Kwa kuwa kila mbegu ina wazazi wawili, miche yake haifanani. Ndiyo sababu mkulima mwenye shina zuri aliligawa vipande, akapanda vipande badala ya mbegu.

Lakini hata shina zuri halichanui bila baridi. Machipukizi ya maua huhitaji majuma kadhaa ya usiku wa baridi, chini ya digrii 16 hivi za Selsiasi. Penye joto mmea huota majani tu. Hivyo aliyelima bondeni aliweza kupalilia kwa bidii, akapata shamba la kijani na kikapu kitupu, huku ndugu yake wa mlimani akichuma kila baada ya majuma mawili au matatu. Sidhani bondeni walikosa watu waliodai kwamba wamerogwa.

Tangu miaka ya 1970 dawa za kutengenezwa viwandani, zilizoiga sumu ya pareto, zilishindana nayo sokoni. Kisha, kuelekea mwisho wa karne, malipo ya wakulima yakaanza kuchelewa, miezi na hata miaka. Baridi ya Kiabonyoru haikupungua kwa hayo, na pareto ilichanua kama kawaida. Wachumaji ndio waliochoka kungoja fedha, wakaing'oa, wakapanda mahindi na majani ya ng'ombe.