Kafi Lililodumu Kuliko Dola

Historia ya Vita Baridi hufundishwa kwa makombora na Ukuta wa Berlin. Mimi hupenda kuifundisha kwa mwanamke mmoja na chombo chembamba kiitwacho kayaki. Birgit Fischer alizaliwa mwaka 1962 katika mji wa Brandenburg, kando ya mto Havel, nchini Ujerumani Mashariki.

Mwaka 1980, jijini Moscow, akiwa na miaka 18, alitwaa dhahabu ya Olimpiki katika mbio za mita 500 za mpiga kafi mmoja. Nyuma yake ilisimama dola nzima: alilelewa katika klabu ya michezo ya jeshi na kupewa cheo cha kijeshi. Nchi ile ya watu wapatao milioni 16 ilitafuta katika michezo heshima ambayo mataifa mengi yaliinyima kwa muda mrefu. Dola hiyohiyo iliwapa wanamichezo wengi, wengine wakiwa watoto, dawa za kuongeza nguvu kwa siri. Kwa watawala wa namna hiyo, mwili wa mwanamichezo ni mali ya serikali.

Na mwenye mali huitumia apendavyo. Fischer alikuwa bingwa wa dunia wa mbio zake mwaka 1981, 1982 na 1983. Mei 1984 Moscow ikatangaza kususia michezo ya Los Angeles, nayo Berlin Mashariki ikafuata. Wapiga makafi hawakuulizwa. Dhahabu ya mita 500 ikaenda kwa Agneta Andersson wa Sweden.

Fischer alibahatika kupata muda. Seoul 1988 alipata dhahabu mbili na fedha moja. Mwaka 1990 dola iliyomlea ikatoweka kwenye ramani, lakini yeye akabaki. Barcelona 1992, akiwa mama wa watoto wawili, alishinda tena mbio zilezile za Moscow, safari hii kwa bendera ya Ujerumani iliyoungana. Dhahabu yake ya mwisho aliipata Athens 2004, akiwa na miaka 42. Jumla: Olimpiki 6, dhahabu 8, fedha 4.

Wanafunzi wanapovutiwa na hesabu hiyo, huwatajia Henry Rono. Mkenya huyo alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, lakini hakukimbia Olimpiki hata moja. Mwaka 1976 Kenya ilisusia Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand kwa makaburu wa Afrika Kusini. Mwaka 1980 ikaifuata Marekani kususia Moscow, michezo ileile iliyomtambulisha Fischer.

Migomo hiyo miwili haifanani. Wa kwanza ulikuwa na haki ya Waafrika ndani yake. Wa pili ulikuwa ugomvi wa fahali wengine. Hata hivyo, gharama ya yote miwili ililipwa na wakimbiaji, si na waliotia saini. Sisemi kususia ni kosa daima. Nasema serikali inayomwomba kijana kuutoa mwaka wake bora kwa ajili ya taifa inapaswa kuuandika mwaka huo kama deni, na kulilipa angali hai.