Saa Kumi na Moja, Madem Watoke

Kiwanja cha baske cha kwetu Umoja kilikuwa na sheria mbili ambazo hazikuandikwa popote. Ya kwanza: anayeshinda anabaki, anayeshindwa anakaa kando. Ya pili: saa kumi na moja jioni, madem watoke. Hata kama mnashinda. Hata kama game imebaki pointi mbili.

Sisi tulikuwa tunatoka shule saa kumi, kwa hivyo hesabu ni rahisi. Tulikuwa na saa moja kwa siku, ukitoa muda wa kuvua yunifomu na kumdanganya mathe kwamba unaenda kusoma kwa kina fulani. Hakuna aliyewahi kutufukuza kwa nguvu. Jamaa mmoja alitoka kazini, akasimama chini ya ringi, akaanza kurusha mpira wake katikati ya game yetu. Wakafika wawili, wakafika watano. "Madem, si mkae kando kidogo?" Hiyo kidogo ilikuwa inaisha giza likiingia.

Kati yetu alikuwepo mmoja tu aliyejifanya hasikii. Tulimwita Namba Saba, kwa sababu ya jezi ya mtumba ya Gikomba aliyoivaa kila siku. Wenzake tukiokota masweta, yeye aliendelea kudunda mpira kwenye kona yake, katikati ya miguu ya wanaume, mpaka wakachoka kumwambia. Mimi? Mimi nilikuwa naanza kufungua kamba za viatu saa kumi na dakika hamsini. Sikungoja kuambiwa.

Historia ya huu mchezo nilianza kuisoma baada ya kuacha chuo, nikiwa na muda mwingi na bando kidogo. Nilidhani nitakuta ni game ya wanaume ambayo wanawake waliiomba baadaye. Sivyo kabisa. James Naismith aliibuni mwishoni mwa 1891 kule Springfield, Marekani, katika chuo cha YMCA. Mwaka uliofuata, 1892, mwalimu wa mazoezi ya mwili aitwaye Senda Berenson alikuwa tayari anawafundisha wasichana wa chuo cha Smith, si mbali na hapo. Yaani tulichelewa miezi tu.

Machi 1893, mwaka wa pili walicheza na mwaka wa kwanza pale Smith. Matokeo: 5 kwa 4. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia kutazama. Berenson mwenyewe aliweka sheria za kupunguza makali: uwanja uligawanywa sehemu tatu, kila mchezaji abaki kwake, na kumpokonya mwenzako mpira ni makosa. Wakati huo watu waliamini mwili wa mwanamke hautastahimili kukimbia uwanja mzima. Hao watu hawakuwa wamemwona mama akipanda Gikomba saa kumi na moja alfajiri na beli la nguo kichwani.

Kisha ikaja tarehe 4 Aprili 1896, San Francisco. Timu ya wasichana wa Stanford dhidi ya wenzao wa California, mechi ya kwanza ya wanawake kati ya vyuo viwili. Tena wanaume walizuiwa mlangoni, hivyo magazeti yakalazimika kutuma waandishi wa kike. Stanford walishinda 2 kwa 1. Miaka mitatu baadaye, 1899, chuo hicho hicho kikapiga marufuku timu za wanawake kucheza na vyuo vingine. Timu ilizaliwa, ikashinda, ikazimwa. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu kwa chumba. Hiyo ni saa kumi na moja yetu, ila wao waliandikiwa barua.

Huku Eastlands, kuambiwa utoke kulianza kabla hata ya ringi. Serikali ya kikoloni ilitaka mikono ya mwanaume Mwafrika, si familia yake. Nyumba nyingi walizojengewa wafanyakazi zilikuwa za makapera: chumba kimoja, vitanda kadhaa, mke abaki mashambani. Wanawake walikuja hata hivyo. Katika Pangani ya zamani na Pumwani wapo waliojenga nyumba zao wenyewe na kupangisha. Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi walihamishiwa Shauri Moyo. Kaloleni ilipojengwa miaka ya 1940, ndipo walipoanza kufikiria familia, wakaweka ukumbi na uwanja katikati. Umoja yetu ni ya miaka ya 1970, kwa msaada wa Wamarekani. Nafasi za kuchezea ziliachwa kwenye ramani za mitaa mingi, na nyingi zikanyakuliwa. Kiwanja kilichobaki kinagombewa, na kwenye kugombea, anayeamriwa atoke kwanza anajulikana.

Sasa sikia hii, maana ndiyo ilinifanya niandike. Wanaume walianza kucheza baske katika Olimpiki mwaka wa 1936. Wanawake walingoja hadi 1976, miaka 40. Lakini mwaka wa 1994, timu ya wanawake ya Kenya ilienda Australia kwa mashindano ya dunia, kati ya timu 16. Walishika mkia, ndiyo. Cheka kama unataka. Kisha uniambie timu ya wanaume ya Kenya imewahi kufika Kombe la Dunia mara ngapi. Haijawahi, hata mara moja. Na Julai 2021, kule Kigali, Lionesses waliifunga Misri kwenye fainali ya kanda yetu na kufuzu kwa mashindano ya Afrika. Miaka hiyo yote niliyotoka kiwanjani, hakuna aliyeniambia kwamba katika nchi hii, waliofika mbali zaidi ni sisi.

Njia ya kutoka mtaani kwetu inapitia Outering. Unapanda mat, unapita Kariobangi, unafika Allsops, unaingia Thika Road. Huko ndiko kuna vyuo ambavyo timu zao za wanawake ni majina makubwa kwa baske ya Kenya: USIU, Kenyatta, na ukiendelea mpaka Ruiru, Zetech. Kwa msichana wa Eastlands, timu ya chuo si mambo ya kujivinjari jioni. Ni karo. Kocha akikuona na chuo kikikubali, mathe wako anaacha kuhesabu sarafu usiku. Na ukifanya vizuri, kuna timu za waajiri kama Equity na Bandari ya Mombasa, ambako mpira unaweza kukuletea mshahara.

Namba Saba alipita njia hiyo. Chuo kilimlipia, akamaliza, akavaa joho. Mimi pia nilipata nafasi chuoni, kingine, kwa alama zangu. Muhula wa nne karo ilikatika, nikarudi Umoja na begi. Siwezi kusema ningekuwa mchezaji mzuri. Nilikuwa wa kawaida. Ila najua kwamba dakika kumi kila siku, kwa miaka minne, nilizitoa mwenyewe bila mtu kuniomba.

Siku hizi jioni huwa nakaa kwenye jiwe kando ya kiwanja kile, ringi moja bado imepinda. Alhamisi iliyopita kulikuwa na wasichana wanane, wakubwa wana kama miaka kumi na tatu. Saa kumi na moja ikafika, jamaa wa kwanza akaja na mpira wake, akasimama chini ya ringi. Nikainuka.

"Bro, game haijaisha."

"Imebaki ngapi?"

Nilikuwa na daftari. Nilikuwa nimeandika kila pointi tangu saa kumi na robo, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya ile 2 kwa 1 ya 1896, ambayo tunaijua tu kwa kuwa kuna mtu aliketi akaandika.

"Ni 14 kwa 12. Wanaenda 20."

Akaniangalia, akaangalia daftari, akakaa juu ya mpira wake akangoja. Iliisha saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili. 20 kwa 18. Nimeiandika.