Mikoko ya Delta ni Yetu Pia

Ndugu zetu wa Delta ya Rufiji, mlio nyumbani na mlio mjini,

Sehemu ya mchango tunaouomba mwaka huu itakwenda kwenye mikoko. Baadhi yenu mmeshatuuliza: mikoko si ni mali ya serikali, sisi inatuhusu nini? Tunajibu kwa historia.

Wazee wetu waliijua kila miti kwa kazi yake. Mkoko ulitoa boriti, msikundazi ulitoa milingoti, mlilana ulitoa mataruma ya vyombo. Boriti zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, zikapakiwa majahazini kwenda Unguja, Arabuni na Ghuba. Vyumba vingi vya nyumba za mawe za huko ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti.

Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani iliiweka mikoko ya Rufiji chini ya usimamizi wake wa misitu, na ukataji ukawa wa kibali. Msitu wenyewe ulikuwa mkubwa kiasi kwamba manowari yao, Königsberg, ilijificha humo tangu 1914, hadi Waingereza walipoiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Waingereza nao waliendeleza hifadhi, kisha serikali huru ikairithi. Mwaka 1987 ukataji wa mikoko ulipigwa marufuku. Mwaka 1991 ukatoka mpango wa kusimamia mikoko ya Tanzania Bara, kazi ya marehemu Profesa Adelaida Semesi. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, hekta 596,908, likaingia katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Lakini tukumbuke ni nani aliyesimama hifadhi ilipotikiswa. Katika miaka ya 1990 uliletwa mradi mkubwa wa kufuga kamba ndani ya Delta. Baraza la taifa la mazingira lilishauri usikubaliwe, serikali ikaukubali mwaka 1997. Hatukuwa na kauli moja, maana wapo waliotarajia ajira. Hata hivyo watu wa vijiji vyetu walikwenda mahakamani, na mabwawa yale hayakuchimbwa.

Walijua walichokitetea. Kamba huzaliwa baharini, huingia mikokoni wakiwa wadogo, hukua kati ya mizizi, kisha hurudi baharini. Ukikata mizizi, mvuvi wa huko nje naye anakosa. Maji yakitoka, kaa hutoka mashimoni, na wakati wa kaskazi ndege waliohama kutoka Ulaya na Asia hujaa kwenye matope kutafuta chakula. Viboko na mamba ni majirani tunaowaogopa, lakini nao ni wa hapa.

Sasa tuseme na la kwetu. Katika miaka ya 1970 mto ulihamishia maji yake mengi upande wa kaskazini. Maji baridi yakafika palipokuwa na chumvi, mpunga ukakubali, na mikoko ikafyekwa. Waliofyeka ni sisi na ndugu zetu, na njaa ilikuwa ya kweli. Leo mtu analala kwenye dungu akilinda shamba alilorithi, huku ramani inasema yumo ndani ya hifadhi. Kumfukuza hakumpi chakula, na kuendelea kufyeka kutawaondoa kamba na kaa wanaolisha nyumba zetu mpunga unaposhindwa.

Jambo hili halitamalizwa na serikali peke yake, wala na sisi peke yetu. Kwa hiyo mchango wenu tutautumia kwa mambo mawili. La kwanza ni nauli na posho ya wawakilishi wa vijiji, wanaume kwa wanawake, waende Kibiti kukaa na maofisa wa misitu juu ya mipaka: mashamba gani yabaki, wapi parudishwe mikoko. La pili ni kupanda upya mashamba yaliyoachwa. Kazi hiyo itafanywa na vijana wetu, na watalipwa.

Waliotutangulia walichangishana wakaenda mahakamani bila barabara wala simu. Sisi tunaombwa kidogo kuliko wao. Karibuni tuchange.