Ulimwengu Usio na Gurudumu

Waandishi wa bunilizi za kisayansi wana mchezo wao wa siku nyingi: huchukua chombo kimoja ambacho ulimwengu unakitegemea, wakakiondoa, kisha wakauliza ni watu wa namna gani wangeishi pasipo chombo hicho. Katika *Pavane*, riwaya ya Keith Roberts iliyotoka mwaka 1968, Malkia Elizabeth wa Kwanza anauawa mwaka 1588, na Kanisa linaishika Uingereza hadi karne ya 20 likiuzuia umeme. Habari husafiri kwa mikono ya mbao inayopungwa juu ya minara, kilima hadi kilima. Harry Turtledove aliligeuza swali hilo mwaka 1985 katika hadithi fupi, "The Road Not Taken": viumbe wa mbali wameijua siri ya kusafiri baina ya nyota, lakini wanashuka duniani na bunduki zilizo jamaa ya gobori.

Hadithi dhaifu za aina hii aghalabu huanguka mahali pamoja. Mwandishi hung'oa gurudumu au maandishi, akaacha pengo, na ndani ya pengo akaweka watu wanyonge wa akili, wanaomngoja mgeni aje awafumbue macho. Historia haikwenda hivyo.

Dola ya Wainka, Tawantinsuyu, ilitanda juu ya milima ya Andes katika karne ya 15 na ikatawala mamilioni ya watu hadi Wahispania walipoivamia mwaka 1532. Haikuwa na mikokoteni, wala chuma, wala herufi. Lakini gari lingekwenda wapi huko? Njia zilipanda majabali kwa ngazi za mawe. Farasi na ng'ombe hawakuwapo, na llama, mnyama pekee wa mizigo, hubeba kilo 30 hivi mgongoni. Kule Mexico ya kale vimefukuliwa vinyago vya udongo vyenye magurudumu, ushahidi kwamba gurudumu lilijulikana. Kilichokosekana ni mnyama wa kulikokota.

Basi Wainka wakajenga mtandao wa njia wa zaidi ya kilomita 30,000, na juu yake wakaweka wakimbiaji, *chasqui*, waliopokezana ujumbe kituo kwa kituo. Magenge ya mito waliyavuka kwa madaraja ya majani yaliyosokotwa. Moja lingalipo, Q'eswachaka, juu ya mto Apurímac, na wanavijiji hulisuka upya mwaka hata mwaka. Msomaji wa mwambao huenda asistaajabu sana: mtepe wa Lamu nao ulishonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari wa chuma, ilhali wahunzi hawakuadimika pwani.

Kamba hiyohiyo ndiyo iliyoshika pia nafasi ya kalamu. *Khipu* ni uzi mkuu ulioning'inizwa nyuzi nyingine, pengine mamia, na katika nyuzi hizo mna mafundo. Mwaka 1912 mtaalamu wa hisabati, L. Leland Locke, alionyesha jinsi yanavyohesabika: mafundo ya chini ni mamoja, ya juu yake makumi, kisha mamia na maelfu, na palipoachwa wazi pana sifuri. Kodi, ghala za mahindi, idadi ya watu wa wilaya, yote yalifungwa humo na mabingwa walioitwa *khipukamayuq*. Mahakama za Wahispania zenyewe zilipokea ushahidi uliosomwa kutoka katika nyuzi hizo.

Hata hivyo, mwaka 1583 Baraza la maaskofu la Lima liliamuru khipu zilizohusishwa na ibada za kale ziteketezwe. Waliozijua wakafa mmoja mmoja. Watu walioandika kwa nyuzi wakaingia vitabuni kwa jina la watu wasio na maandishi, na jina hilo limewaganda.

Leo zimesalia mamia ya khipu katika makumbusho ya Peru, Ujerumani, Marekani na kwingineko. Nyingi zimesomeka, lakini kwa hesabu zake tu. Nyingine mafundo yake hayafuati mpango alioueleza Locke. Waandishi wa tarehe wa zama za Wahispania walieleza kwamba khipukamayuq walizishika nyuzi mkononi wakisimulia vita, nasaba na matendo ya wafalme. Huenda masimulizi hayo bado yamo katika nyuzi hizi, kwa rangi na kwa mkazo wa uzi. Msomaji wake hajapatikana.