Ushairi wa Kifungoni: Liyongo na Abdilatif

Katika fasihi ya Kiswahili ushairi wa kifungoni ni wa kale kuliko magereza yaliyojengwa na serikali za kikoloni. Utenzi alioutunga Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 wasimulia jinsi Fumo Liyongo alivyofungwa Pate kwa husuda ya mfalme. Kwa maneno ya wimbo Liyongo alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake, afanye mikate na kuficha tupa ndani ya ule wa wishwa. Walinzi wakaila mikate mizuri. Wa wishwa wakaudharau, ukamfikia mfungwa. Kisha Liyongo akatunga nyimbo za gungu, na watu walipokuwa wakiitikia kwa ngoma na shangwe, yeye alikuwa akikata minyororo kwa tupa, asisikiwe na mtu. Hapo ushairi ni ufunguo wa mlango, wala si kwa tamathali.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa hakupata tupa. Mwaka 1968, akiwa upande wa chama cha upinzani cha KPU, aliandika waraka wa siasa ulioitwa Kenya: Twendapi? Mwaka 1969, kabla hajatimiza miaka 23, alihukumiwa kifungo cha miezi 18, na serikali ilipokata rufani kikawa miaka mitatu. Katika gereza la Kamiti aliwekwa peke yake, akawa anaandika mashairi kwa siri juu ya karatasi ya chooni. Alifunguliwa mwaka 1972, na mashairi hayo yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki.

Wasomaji wengi hulikimbilia shairi la “Mamba”, kwa kuwa fumbo lake ni jepesi kufumbua. Lakini lenye uzito zaidi kwa jambo hili huenda likawa “Mnazi: Vuta N'kuvute”, ambamo Alii na Badi wagombania mnazi mmoja, kila mmoja akitoa hoja zake. Ni kweli kwamba jibizano ni desturi ya Mombasa tangu zama za Muyaka. Hata hivyo, desturi peke yake haitoshi kueleza. Mtu aliyenyimwa mwenziwe wa kusema naye alijitungia wasemaji wawili, nao wakasema kwa Kimvita, lugha ya kwao. Mashairi yake hayakumpunguzia kifungo hata siku moja, yalimwachia mazungumzo.

Na baada ya kutoka? Liyongo aliishia mwituni, hata mwanawe akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba naye amelala. Kukata minyororo hakukumrudishia makao yake. Kwa Abdilatif hapakuwa na sindano, ila mji wake nao ulikuwa mbali: mwaka ule ule wa 1972 alihamia Tanzania, akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtungaji. Kitabu kikatukuzwa Kenya, na mwenyewe yuko ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1979 alikwenda London, na baadaye akafundisha Kiswahili kwa miaka mingi huko Leipzig, Ujerumani.