Kisahani cha Balad

Juzi nilipita Balad, mji mkongwe wa hapa Jeddah, nikamnunulia mwanangu kisahani cha plastiki cha kurusha. Mama, usimgombeze kama ulivyomgombeza kwa mfuniko wa ndoo. Hiki kina historia!

Zamani Wamarekani walirusha sahani za bati za pai. Mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikaanza kuuza za plastiki. Ed Headrick akaziwekea mistari ya duara mgongoni zisiyumbe, akapewa haki ya uvumbuzi huo mwaka 1967. Mwaka 1975 akaanzisha uwanja wa gofu ya visahani huko California. Baadaye akabuni kikapu chenye minyororo cha kuvidaka.

Mwaka 1983 vikatoka visahani vya ukingo mkali, vinafika mbali. Lakini cha kumalizia, ukishakaribia kikapu, bado kinafanana na cha zamani: ukingo butu, mwendo wa pole, kinanyooka.

Headrick alifariki mwaka 2002. Majivu yake yakachanganywa kwenye visahani, kama alivyotaka. Sisi tunazika, ila nimemwelewa: alitaka abaki mikononi mwa watu wake. Nami nitarudi, jamani. Mwambieni mwanangu afanye mazoezi, tutacheza.