Gari kuukuu, umbo jipya: Mambo ya kupangwa kabla ya kukata bati

MAGARI aina ya Nissan Caravan na Toyota HiAce yanapostaafu kazi ya uchukuzi wa abiria, aghalabu huwa yamebakiwa na injini inayoweza kutengenezwa na nafasi kubwa ndani. Ndiyo maana wamiliki wengi huyatazama kwa jicho la pili. Mmoja huona saluni inayotembea, mwingine jiko la kuuzia vyakula, na wa tatu chumba cha kulala safarini.

Wazo la aina hiyo si geni. Volkswagen ilianza kuunda gari lake la Type 2, maarufu kama Kombi, mwaka 1950, na kufikia mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilikuwa ikilitia vifaa vya kupigia kambi. Nchini Kenya, magari ya watalii yenye paa linaloinuliwa ili wageni wasimame na kutazama wanyama yamekuwa sehemu ya mandhari ya Maasai Mara kwa miongo kadhaa.

Hata hivyo, wengi huanza kupanga mageuzi hayo kutoka mwisho: rangi, viti vya kifahari na spika. Mpangilio ufaao huanza na yale yasiyoonekana, yaani chuma, uzani, umeme na stakabadhi. Akosaye hapo huweza kupoteza akiba yake yote kwa gari lisiloruhusiwa barabarani, au kuyahatarisha maisha ya watakaolipanda.

Chuma kwanza

Magari mengi ya aina hii hayana fremu nzito ya chini iliyotengana na bodi kama ilivyo kwa lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa ya gari. Sakafu, nguzo za milango, kuta na mbavu za paa hushikana na kugawana mzigo. Ukikata ubavu mmoja wa paa bila kuweka kingine mahali pake, kuta hulegea, milango hukataa kufungika sawasawa na kioo cha mbele huweza kupasuka. Gari likibingirika, paa hilo huwaangukia waliomo.

Kwa sababu hiyo, fundi mwangalifu hutengeneza fremu ya vyuma vya mraba na kuifunga kwenye mbavu zinazobaki kabla ya kukata tundu. Nguzo zilizo kando ya milango hazikatwi kamwe ili kupanua dirisha.

Ukaguzi wa kutu hutangulia yote. Sehemu za kuchunguzwa ni vizingiti vya milango, matao ya magurudumu, sakafu chini ya zulia na mahali springi zinapofungwa. Bati linaloonekana zima kwa nje huweza kuwa limeliwa kwa ndani. Usipoziba ufa, waliambiwa wa kale, utajenga ukuta. Na hapa ukuta wenyewe ndio unaoshikilia magurudumu.

Wakati wa kuchomelea, waya wa hasi wa betri hung'olewa ili mkondo wa umeme usiharibu kompyuta ya gari na altaneta. Mabomba ya mafuta na tangi huondolewa au kuwekwa mbali na cheche. Kila kiungo kilichochomelewa hupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunikwa kwa mbao.

Hesabu ya uzani

Gari lililoundwa kubeba abiria 14, kila mmoja akikadiriwa kuwa na kilo 65, hubeba takriban kilo 910 za watu. Viti vinapoondolewa, wamiliki hudhani wamepata nafasi isiyo na mwisho. Mambo si hivyo. Bamba moja la plaiwudi la futi nane kwa nne lenye unene wa milimita 18 hukaribia kilo 30. Maji ya lita 100 ni kilo 100. Betri ya asidi ya saa-ampea 100 huwa na kilo 30 hivi. Ukiongeza kabati, jiko, mtungi wa gesi na watu wawili, kilo 500 hutimia bila mtu kutambua.

Kikomo cha uzani huandikwa na kiwanda kwenye kibati cha gari, na hicho ndicho cha kufuatwa. Ni busara kulipeleka gari kwenye mizani likiwa tupu, kisha kulirejesha kazi inapokamilika.

Mahali pa kuweka mzigo huwa na maana sawa na wingi wake. Vizito hukaa chini, karibu na sakafu, na katikati ya ekseli mbili. Tangi la maji likiwekwa nyuma kabisa, pua ya gari huinuka, magurudumu ya mbele hupoteza mshiko na usukani huwa mwepesi kupita kiasi. Mizigo ikirundikwa juu ya paa, gari huyumba kwenye kona na katika upepo wa ubavuni.

Umeme na gesi

Moto ndio adui mkubwa wa magari yaliyobadilishwa, na chanzo chake mara nyingi ni waya mwembamba uliobebeshwa mzigo mzito. Hesabu yenyewe ni rahisi: wati hugawanywa kwa volti ili kupata ampea. Kikausha nywele cha wati 1,500 kinachotumia betri ya volti 12 kupitia inveta huvuta takriban ampea 125. Waya wa taa za kawaida hauwezi kuhimili mkondo huo. Utayeyuka kabla ya mteja kukauka nywele.

Betri ya saa-ampea 100 huhifadhi saa-wati 1,200, lakini ile ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ikiwa itadumu. Hivyo mwenye gari ana saa-wati 600. Taa nne za wati 10 zikiwaka kwa saa tano hutumia 200. Friji ndogo inayovuta wati 45 kwa jumla ya saa nane hutumia 360. Akiba inakaribia kwisha.

Betri hii hutenganishwa na ile ya kuwashia injini kwa rilei, na fyuzi huwekwa karibu kabisa na betri. Fyuzi iliyo mwisho wa waya hailindi waya uliotangulia.

Kuhusu gesi ya kupikia, jambo la kukumbuka ni kwamba ni nzito kuliko hewa. Ikivuja, hutuama sakafuni. Tundu la kuitoa huhitajika chini kabisa ya kabati la mtungi, likielekea nje, mbali na ekzosi. Vilevile, kila tundu lililotobolewa sakafuni bila sababu huzibwa, kwani moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, inayoweza kuua aliyelala.

Viti na mikanda

Kiti kinachokaliwa gari likitembea hufungwa kwa bolti zinazopita sakafuni na kushikwa kwa vipande vya chuma upande wa chini. Skrubu za mbao hung'oka breki za ghafla zinapokanyagwa. Kochi lisilo na mkanda ni la kukaliwa gari likiwa limesimama.

Wakenya hawahitaji kukumbushwa sana kuhusu hili. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha matatu kuwa na mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano. Zilitokana na vifo barabarani.

Stakabadhi

Kitabu cha umiliki hutaja rangi, injini na aina ya bodi. Mojawapo inapobadilika, Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, sharti ijulishwe, na gari hukaguliwa. Ni vyema kuuliza kabla ya kukata, mchoro ukiwa mkononi, kuliko kuomba radhi baadaye.

Kampuni ya bima nayo hujulishwa kwa maandishi. Gari lililokatiwa bima kama la abiria likiungua likiwa jiko, fidia huweza kukataliwa. Mwenye kuuza chakula au kuendesha saluni huhitaji pia vibali vya kaunti.

Utaratibu wa kazi basi huwa huu: mchoro na hesabu ya uzani, idhini, kutu na chuma, breki, tairi na springi, nyaya na mabomba, kinga ya joto, mbao na viti, na rangi mwisho. Pesa zikiisha njiani, mwenye gari hubaki na gari salama lisilo na pambo, ambalo laweza kumngoja hadi apate nyingine.